Barafu ya Pasua

Tulipokwisha kumzika Elinami kwenye kihamba cha baba yake kule Mwika, kati ya migomba na visiki vya mibuni iliyokatwa zamani, mjane wake, Mama Upendo, aliniita jikoni. Wanawake walikuwa wakikoroga mtori kwenye sufuria kubwa na kuzungumza Kichagga cha Mwika, ambacho sisi wa Marangu tunakicheka na wao wanakicheka chetu. Mama Upendo alijifuta mikono kwenye kanga, akapanda kigoda, akatoa juu ya kabati la vyombo kitu kilichofungwa kwenye leso ya kiume. Mkono wangu ulikitambua kabla sijakifungua, kwa uzito wake: vipande viwili vya chuma vya duara, kimoja juu ya kingine, vimebanwa kwa bolti tatu. "Alisema hiki ni chako, wifi," akaniambia. "Na kwamba ndani mna barafu. Nilidhani ni homa inamsemesha." Kisha akashusha sauti, maana wale wanawake walikuwa wamenyamaza kama wanavyonyamaza watu wanaotaka kusikia. "Unajua mwenyewe alivyokuwa. Chui aliyemfukuza, Mzungu aliyetaka kumwachia gari. Sikuwahi kumuuliza hadithi ipi ni ya kweli. Hii moja nataka nijue." Nikamwomba anipe muda kidogo, nikatoka na chuma changu mkononi.

Nilikwenda kukaa kwenye benchi nyuma ya banda la ng'ombe, na vidole vyangu vikaanza ile tabia yao ya kutafuta kitu cha kurekebisha. Nimefikia umri ambao mtu angetakiwa awe ametulia. Nina kazi ya maabara katika chuo kimoja mjini Dar es Salaam, vijana wananiita madam, na bado kila asubuhi narudi mlangoni kuhakikisha kufuli niliyokwisha kuihakikisha. Nilikuwa hivyo tangu utoto, lakini mwaka mmoja tu ndio uliokaribia kunimaliza, na ni mwaka huohuo ulionifanya nilivyo. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama nzuri, ila si nzuri vya kutosha kwa nafasi za kidato cha tano zilivyokuwa chache, na nikapata kibarua mjini, katika studio ya picha ya mtaa wa Pasua. Mtambo wa picha za rangi ulikuwa umefika mjini, watu wakazikimbia picha nyeusi na nyeupe kama walivyozikimbia redio za mbao, na mwenye studio akahamishia akili yake kwenye biashara ya mitumba. Mimi akaniachia picha za vitambulisho na chumba cha giza.

Chumba kile nakijua kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Kilikuwa na upana wa kitanda na nusu, dirisha limezibwa kwa blanketi la kijivu lililopigiwa misumari, balbu nyekundu, makarai matatu ya plastiki na harufu ya dawa ya kusafishia picha ambayo ilikuwa haitoki kwenye nywele hata uoshe vipi. Mchana Pasua huwa inawaka jua, mabati yanalia, na mle ndani nilikuwa natoka jasho huku nikirudia picha moja ya kitambulisho mpaka mteja anachoka kusubiri na kuondoka. Nilikuwa naona vumbi ambalo mteja halioni. Nilikuwa nikishaosha mikono, naiosha tena kwa sababu nimeshika bomba. Sisemi haya kwa kujipamba. Watu wengi hudhani kupenda ukamilifu ni sifa, lakini kwangu ilikuwa ni hofu tu iliyovaa nguo safi. Niliogopa kwamba sijui chochote kwa hakika, kwamba kila nilichofaulu shuleni nilikariri, na kwamba siku moja mtu ataniuliza swali la pili na nitabaki mdomo wazi.

Sasa, katika chumba cha kusomea cha hosteli moja ya kanisa, kulikuwa na sanduku la magazeti ya sayansi yaliyoachwa na wageni. Nilikuwa nikienda kila Jumamosi na kamusi. Ndipo nikakuta makala kuhusu watu wanaobana vitu kati ya vito viwili vya thamani ili kuona vinavyobadilika. Niliisoma mpaka karatasi ikalainika. Jambo lenyewe ni hili. Ukimulika rubi, kile kito chekundu, kwa mwanga wa bluu, ile rubi inajibu kwa mwanga wake yenyewe, mwekundu, na mwanga huo ukiupitisha kwenye kitu cha kuchambua rangi unaona mistari miwili myembamba, imesimama pamoja kama ndugu. Ukiibana rubi, mistari yote miwili inasogea upande mmoja. Ukijua imesogea kiasi gani, umejua rubi imebanwa kiasi gani. Basi unachukua chembe ya rubi, unaitia kwenye tone la maji ndani ya kitundu, unakaza, na rubi inakupa taarifa kutoka huko ndani ambako mkono haufiki. Makala ilisema maji yakibanwa kiasi cha kutosha yanakuwa barafu, hapohapo kwenye joto la chumba, bila baridi yoyote. Kulikuwa na picha: duara dogo, na ndani yake fuwele yenye kingo kama kigae. Sikuamini. Na mimi nikisoma jambo nisiloweza kulihakikisha, sili chakula vizuri.

Elinami alikuwa anachonga vito kwenye baraza iliyopakana na studio. Gurudumu lake la kunolea lilizungushwa na mota ya cherehani, na redio yake ilikuwa inatangaza mpira hata siku ambazo hakuna mpira. Alikuwa kama amenizidi miaka kumi na tano, mwembamba, kidole gumba kimeungua kwa kushika mawe ya moto, na alikuwa anasema uongo kwa ukarimu, kama mtu anayekaribisha chakula. Madalali walimletea rubi za Longido na safaya za Umba, yeye akizing'arisha na kuwasimulia alivyowahi kuchongea malkia wa nchi ambayo jina lake lilibadilika kila wiki. Nilipomwendea kumuuliza kama anaweza kunichongea safaya mbili zisizo na rangi, kila moja ncha yake ikatwe bapa ili zitazamane, hakuinua kichwa. Aliuliza pete gani hiyo yenye mawe yanayobusiana. Nikamweleza, nikirudiarudia maneno, kuhusu maji na rubi na barafu. Alizima mota. Nilikuwa sijawahi kumwona akizima mota kwa ajili ya maneno.

"Barafu," akasema. "Hapa Pasua."

"Ndiyo, kaka."

"Manka, jana nimenunua maji ya barafu kwa yule mama, yalikuwa ya moto kuliko chai. Na wewe unataka kuyagandisha kwa spana?" Kisha akacheka, akafungua kopo la filamu, akamimina kiganjani safaya zilizopauka ambazo dalali alimwachia kwa sababu hazina mnunuzi. "Chagua mbili. Nikiulizwa, nitasema nilimchongea barafu rais."

Vyuma tulivipata kutoka beringi ya lori, tukampelekea fundi wa kukereza. Bolti tatu zilikazwa kwa alenki, ile spana ndogo iliyopinda kama kiwiko. Kati ya vito viwili inatakiwa gasketi, kipande chembamba cha chuma chenye tundu la kushikilia maji, na hapo tulitumia senti ishirini, zile zenye picha ya ndege mbuni, ambazo wakati huo zilikuwa hazinunui hata kiberiti na mafundi walikuwa wakizigeuza kuwa washa za bolti. Nilizisugua kwa msasa mpaka mbuni akatoweka, nikatoboa kwa sindano ya cherehani niliyoinoa mwenyewe. Kitu cha kuchambua mwanga kilikuwa kipande cha CD iliyokwaruzika. Mifereji yake midogo inatawanya rangi vizuri kuliko kioo chochote ningeweza kununua. Taa ilikuwa ya projekta ya slaidi ya mwenye studio. Kilichobaki ni kitu cha kukuzia ile mistari, na hicho nilikwenda kukiomba kwa mjomba.

Mjomba Aloisi wa Marangu ndiye aliyekuwa na sauti juu yangu. Alikuwa kiongozi wa watalii, mtu aliyepanda Kibo mara nyingi mpaka akawa anautaja mlima kama mtu anavyomtaja jirani mgomvi. Alikuwa na darubini ya mgeni iliyovunjika upande mmoja. Alinipa, lakini kwanza alinikalisha chini ya mchoro wa Moyo Mtakatifu, mke wake akatuletea kiburu cha ndizi na maharage, na akaniambia kampuni anayoifanyia kazi inatafuta binti wa kuandikisha wageni, kazi ya mezani, mshahara unaojulikana. Kilichoniogopesha ni kwamba nilitaka kukubali. Ofisini hakuna anayekuuliza kama barafu ni barafu. Nikamweleza ninachofanya. Alisikiliza akiwa anachokonoa meno, mtu mwenye subira ya kusubiri watu wanaotapika milimani. "Barafu mimi naijua," akasema mwishowe. "Nimeilalia, nimeichemsha, nimeivunja kwa shoka. Krismasi utakuja kunionyesha hiyo yako. Nikiona ni barafu, kaa mjini na giza lako. Nisipoona, Januari unaingia ofisini, na hatutalizungumza tena." Nikasema ahsante mjomba. Njiani kurudi nilikuwa nakimbia bila kujua, na mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe akaniuliza nani kafa.

Kilichofuata ni upuuzi ambao hadi leo nikiukumbuka shingo inapata joto. Mwanga wa projekta una rangi zote, na nyekundu yake inaifunika nyekundu hafifu ya rubi. Dawa yake, makala ilisema, ni kuupitisha kwenye mtungi wa kioo wenye kopa salfeti, maji ya bluu yanayozuia nyekundu. Kwa mjomba kulikuwa na pipa la unga wa bluu, masalio ya zama ambazo chama cha ushirika kilileta dawa za kahawa na watu walikuwa bado wanapulizia. Nilichota kopo, nikakoroga mjini, nikapata maziwa ya bluu. Hakuna mwanga uliopita. Nikalaumu maji ya bomba, nikachota ya mvua. Nikalaumu mtungi, nikaosha mpaka ukanivunjikia. Nikachuja kwa kitambaa, kwa pamba, kwa karatasi ya picha. Nilipoteza mwezi mzima na ushee nikichuja. Niliporudi Marangu kuchota zaidi, mke wa mjomba akanikuta nimeinamia pipa na akauliza napulizia shamba la nani, maana la kwao mibuni imeshakatwa. Nikamwambia shida yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Unga ule ulikuwa umechanganywa na chokaa tangu zamani, kama inavyotakiwa, ili dawa ing'ang'anie kwenye jani. Kila mtoto wa mlimani anajua mrututu wa kahawa huchanganywa na chokaa. Mimi mwenyewe nilibeba ndoo hiyo tangu darasa la tatu. Lakini kwenye makala uliitwa kopa salfeti, na kichwani mwangu vitu hivyo viwili vilikuwa havijawahi kukutana. "Soma kwa kituo, mwanangu," anti akaniambia, na akanipa mrututu safi aliouweka kwa ajili ya kuoshea kwato za ng'ombe, mawe ya bluu mazuri kuliko safaya yoyote ya Elinami.

Jozi ya kwanza ya vito ilipasuka kwa sababu ya mkono wangu. Nilikuwa nageuza kila bolti kwa kipimo kilekile hasa, kwa haki kabisa, na bolti zenyewe hazikuwa sawa. Vito vikalala upande, vikalia tiki. Elinami alikula chapati yake mpaka mwisho, akafungua tena lile kopo. Siku hizo tulikuwa tunakula pamoja kwenye baraza, maharage ya yule mama wa maji ya barafu, huku tukisikiliza watu. Yalikuwa mazungumzo ya kitu kilekile kila siku: nani kapunguzwa kazini, mnunuzi gani binafsi kaja na mizani mpya, nani kang'oa kahawa kapanda nyanya. Na walinizungumza mimi, wakidhani kwa kuwa niko gizani sisikii.

"Huyu binti anakaa humo mchana kutwa, anatoka macho mekundu."

"Anasafisha picha."

"Picha za nani, na watu wote sasa ni za rangi?"

"Basi anachapa hela."

"Angekuwa anachapa hela angekula maharage kila siku?"

Elinami aliwaambia naatamia yai la mbuni. Waliamini hilo kuliko yote, kwa sababu ya zile senti.

Mistari miwili niliiona kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa Novemba. Kando ya ile rubi iliyobanwa nilikuwa nimelaza rubi nyingine, huru, ili mistari ya zote mbili isimame moja juu ya nyingine, na nione kama ile ya ndani imehama. Nikakaza kidogo. Mistari ya chini, ya rubi iliyobanwa, ilisogea, kidogo sana, unene wa unywele, wakati ile ya juu imetulia palepale. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi, bado ilikuwa imesogea. Sijui namna ya kueleza furaha ile isipokuwa kusema kwamba ilidumu dakika chache tu, halafu nikaanza kuogopa kwamba nimegusa meza. Nilirudia wiki tatu. Kisha mchana mmoja, nikikaza, nikaangalia kwa lenzi ya dalali na ndani ya kitundu kile, pembeni, palikuwa na kitu. Kilikuwa na kingo. Kilikuwa kinang'aa kwa bluu kama kigae cha chupa. Nikamwita Elinami. Akachungulia muda mrefu, redio ikiendelea kusema peke yake huko nje.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Au ni chumvi ya maji. Au ni chembe ya safaya. Au uchafu wa sindano."

"Basi legeza. Ikiyeyuka ni barafu. Isipoyeyuka ni uchafu wako."

Lilikuwa jibu rahisi na nililijua kabla hajalisema, na hapo ndipo niliponasa. Kama ilikuwa barafu, kuilegeza ni kuipoteza, na sikuwa na hakika ya kuipata tena kabla ya Krismasi. Kama ilikuwa uchafu, nisingekuwa na kitu kabisa. Ikiwa imebanwa, ilikuwa vyote viwili, na mimi nilikuwa bado mtu ambaye huenda anajua jambo. Nikaifunga kwa kitambaa. Nilikuwa nailaza kando ya mto, nikiamka naishika. Kila asubuhi naichungulia, na kila asubuhi ipo, na kila siku siamini kidogo zaidi ya jana. Elinami alinitazama nikikonda akasema kuna watu wanafuga kuku na kuna watu wanafuga mashaka, na kuku afadhali wanataga.

Krismasi mlima wote unarudi nyumbani. Magari ya Dar yanapanga foleni kwenye njia za migomba, watoto wanaozungumza Kiswahili cha Kariakoo wanaulizana choo kiko wapi, na kila kijana anasimamishwa mbele ya wakubwa na kuulizwa anafanya nini siku hizi. Nilipanda na pikapu iliyobeba kreti za soda, chuma changu nimekibana kwapani, nikihesabu kila shimo la barabara kama dhambi. Kwa mjomba walikuwa wamechinja. Mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa inazunguka kwa kata moja. Binamu zangu walijibu maswali yao: benki, uhamiaji, biashara ya vipuri. Zamu yangu ilipofika mjomba alisema, huyu wangu, mimi nina miadi naye, na akaenda mwenyewe kufungua ghala la mahindi. Elinami alikuwa amevuka kutoka Mwika asubuhi hiyo, amevaa suti ya harusi ya mtu mwingine, akiwa amebeba projekta begani kama mtoto mchanga. Tuliziba nyufa kwa magunia. Shangazi mmoja akapita nje na kuuliza kama tumejifungia kupika gongo siku ya Bwana.

Mjomba akainamia lenzi. Nilisikia pumzi yake. Chumba kilikuwa kinanuka mahindi na panya, na mtungi wa mrututu ulikuwa umerusha doa la bluu kwenye gunia mbele yetu.

"Naona kioo kidogo," akasema.

"Ndiyo hiyo, mjomba."

"Nitajuaje si chumvi?"

Alikuwa ameuliza swali langu, kwa maneno yangu. Nilikuwa nimeandaa maelezo, kuhusu mistari na kusogea kwake, na nilifungua mdomo kuyatoa. Elinami hakunisubiri. Alikuwa ameshika alenki. "Inalegezwa, mjomba," akasema. "Wewe usitoe jicho hapo. Manka, shika darubini yako. Mimi nageuza."

Ningeweza kukataa. Niliweka jicho kwenye nusu ya darubini. Hiyo ilikuwa na maana kwamba nisingeiona barafu yangu ikiondoka, kama ingeondoka. Mimi ningeona mistari miwili myekundu tu, na barafu angeiona mtu asiyejua mistari ni kitu gani, na bolti zingekuwa mikononi mwa mwongo wa Mwika. Sijawahi katika maisha yangu kukiachia kitu kwa watu wengi kiasi hicho. Elinami akageuza kidogo, bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, akisikiliza kwa vidole. Mistari ikaanza kurudi polepole kuelekea kwa wenzao walio huru. Ikarudi, ikarudi, halafu ikasimama. Nikamwambia aendelee. Akasema anaendelea. Mistari ilikuwa imekataa kusogea, imeganda mahali pamoja wakati yeye analegeza, na nilikuwa nakaribia kusema kifaa kimekwama, nilikuwa tayari naomba radhi moyoni, ndipo mjomba akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mnyama asitake kumshtua, "Kona zake zinaliwa." Mistari imesimama. "Imekuwa ya mviringo." Mistari imesimama. "Inapungua. Inapungua, Manka. Imebaki kama punje ya ulezi." Akasogeza jicho karibu zaidi na lenzi. "Haipo." Na hapohapo, kabla pumzi yake haijaisha, mistari ikajinasua na kuendelea na safari yake nyumbani.

Leo naweza kueleza kwa nini, na nawaeleza wanafunzi kila mwaka: maji na barafu vikiwa pamoja, vinashikilia mgandamizo mahali pamoja mpaka kimoja kimalizike. Siku ile sikuwa na maelezo. Nilikuwa na jicho langu likisema jambo moja na jicho la mjomba likisema jambo lingine, na mambo hayo mawili yalikuwa ni jambo moja. Chumvi haisimamishi mistari. Niligundua nimelia kwa sababu darubini ilikuwa imelowa.

Mjomba alinyoosha mgongo, akapapasa mfuko kutafuta njiti ya meno. Akasema barafu anayoijua yeye ndivyo inavyoondoka, inaanza na kona. Akasema mwaka hadi mwaka anaiona juu kule ikiondoka hivyohivyo, ila taratibu zaidi. Alitoka nje kwenye jua na sisi tukamfuata tukipepesa macho, na mbele ya ukoo mzima akaulizwa binti anafanya nini basi. "Anarudi mjini," akajibu. "Ana barafu. Lakini msimtumie kwenye soda, haipozi kitu." Watu wakacheka, kata ikanifikia, nikanywa mbege bila kwanza kuufuta ukingo wa kata.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kusomea ufundi wa maabara. Siku ya kuondoka Pasua Elinami alikuwa ameweka tone jipya kwenye kitundu na kukaza mwenyewe mpaka fuwele ikatokea, na akaniomba nimwachie. Nilimwachia. Nilisikia baadaye kwamba kila dalali aliyekaa kwenye baraza yake aliambiwa kuhusu kipande cha Kibo kilichofungiwa ndani ya chuma, na kwamba hakuna aliyeamini.

Nyuma ya banda la ng'ombe, bolti zilikuwa zimeshika kutu kidogo. Alenki ilikuwa humohumo kwenye leso, Elinami alikuwa amefikiria kila kitu. Mama Upendo akanifuata na bakuli la mtori, akaketi kando yangu, akanitazama nikigeuza, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa na lenzi kwenye pochi; huwa siachi. Nikafunua vyuma, nikachungulia. Safaya zilikuwa safi kama alivyozichonga. Senti ilikuwa imepinda. Ndani ya kitundu kulikuwa na chembe ya rubi, peke yake, na palikuwa pakavu. Maji yalikuwa yameondoka, labda mwaka huu, labda miaka kumi iliyopita. Gasketi ya shaba haishikilii maji umri wa mtu. Nililijua hilo kwa hakika, na sikulisema.

"Ipo?" akauliza.

"Imeyeyuka, wifi."

Akachukua kile chuma, akakipima kwenye kiganja chake kilichonuka ndizi na moshi. Ng'ombe akavuta majani nyuma yetu.

"Basi ilikuwa barafu kweli," akasema, akanisogezea bakuli nile kabla halijapoa.